Akili ya Chini Ilivyoficha Sauti Yangu

Ninaandika haya huku nikiyatamka kwa sauti, neno kwa neno, na mume wangu amekwisha kuufunga mlango kwa sababu ya kelele. Acha afunge. Ilipita miezi ambayo nyumba hii haikusikia hata neno langu moja. Kama wewe unayesoma una mwili uliokataa kukutii na daktari haoni sababu, nakuandikia wewe kwanza.

Jina langu ni Mujinga. Ni mwalimu wa darasa la pili hapa Kamina, na kanisani naimba sauti ya kwanza. Tangu utoto mimi ni mtu asiyetulia. Hata nikila nasimama, niangalie sufuria, niangalie nje, nirudi. Na nilikuwa na mdomo! Wanafunzi wangu walinisikia wakiwa bado barabarani. Mume wangu, Banza, ni karani wa reli, mpole, anasema kidogo. Alikuwa akinitania kwamba aliniona akanioa ili mimi niseme kwa niaba yake.

Ndipo nikapata mimba ya mapasa, yaani mapacha.

Kwetu sisi Baluba mapasa si watoto wa kawaida. Wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hakuna kuchagua jina. Mama yao hupokewa nyumbani kwa nyimbo za matusi. Ndiyo, matusi: wanaimba wazi wazi juu ya mwili wa baba na mwili wa mama, wanacheza, wanacheka, na mama mapasa anapaswa kujibu kwa matusi yake mwenyewe. Asipojibu, wazee wanasema mapasa watakasirika, mmoja ataugua, labda ataondoka. Kanisani kwetu nyimbo hizo haziimbwi. Mimi sikuwahi kuziimba, na nilijisifu kwamba hata sizijui.

Nilijifungua salama, nikachanika kidogo, nikashonwa. Nilitoka hospitali nikiwa na homa ya maziwa, matiti yamekuwa mawe. Banza alibeba Kyungu, mimi nilibeba Kabange. Tulipofika uani, tulikuta makundi mawili. Upande mmoja alisimama Mama Numbi, mama mkwe wangu, aliyetoka Kinkondja na akina mama wenzake wanaokausha samaki huko ziwani. Upande wa pili walisimama akina mama wa kanisa wamevaa sare, na mbele yao Mama Pasta, mke wa mchungaji.

Mama Numbi alianza wimbo. Akina mama wa kanisa nao wakaanza wao.

"Jibu, mama mapasa!" Mama Numbi aliniita. "Batoto beko nangojea sauti yako! Unataka bakasirike?"

"Mama Mujinga, imba na siye," Mama Pasta aliniambia, kwa upole lakini macho yamenikazia. "Shetani asikuvute."

Nilimwangalia mtoto mikononi. Nilifikiri: nikikosea, huyu atakufa. Nilifungua kinywa. Ilitoka pumzi tu. Nikajaribu tena. Pumzi, kama baiskeli inayotolewa upepo.

Siku za kwanza walisema ni uchovu. Lakini wiki zilipita. Koo halikuuma. Nilisikia tu kitu kimekwama pale, kama tonge la bukari, ugali wetu, lililokataa kushuka. Nilimeza mate mpaka mdomo ukakauka. Usingizi ulikatika. Mchana nilizunguka nyumba, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, kutoka jiko mpaka mlango, kutoka mlango mpaka jiko, nikijikuna shingo mpaka ngozi ikachubuka. Nilianza kupungua, na maziwa yakaanza kupungua nami.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama Numbi alisema mapasa ndio wamenifunga, akanichemshia majani machungu ya kusukutua. Akina mama wa kanisa walifunga kula kwa ajili yangu, wakaniwekea mikono kichwani, wakaniambia, "Sema Amina!" Sasa ningesemaje? Nilikuwa na hasira nao wote, na hasira isiyo na sauti inachoma tumbo. Niliandika kwa chaki kwenye ubao mdogo wa darasani, na Banza alikuwa akisoma polepole mno. Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimekwisha kuifuta.

Daktari wa hospitali aliingiza kioo kidogo kooni mwangu, nikatapika juu ya mikono yake, akaingiza tena. Halafu akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Kikohozi kilijaa chumba kizima.

"Unaisikia?" alisema. "Sauti iko. Hakuna kivimbe, hakuna kidonda. Koo yako iko muzima, mama."

"Sasa juu ya nini haseme?" Banza aliuliza.

"Hiyo haiko kazi ya kioo yangu," daktari alijibu, na akatuambia habari za Madame Bolumbu, mwanasaikolojia, mke wa ofisa mmoja kule base, kambi ya jeshi, ambaye hutibu kwa ipnozi.

Nilikataa kwa kichwa, kwa mikono, kwa miguu. Hapa Kamina mtu akisikia neno hilo anawafikiria wezi wa sokoni: wanakukazia macho, unawapa simu yako mwenyewe huku unacheka, ukizinduka wamekwisha kwenda. Mkristo akafungwe akili kwa hiari yake? Niliandika HAPANA ubaoni, kwa herufi kubwa.

Kilichonibadili ni mbabula, jiko letu la mkaa. Nilikuwa uani nikipika, mkaa umewaka vizuri. Kyungu alikuwa ameanza kutambaa. Niligeuka kuchukua unga, nilipoangalia tena alikuwa anakwenda kwenye moto, mkono ameunyosha. Banza alikuwa karibu naye kuliko mimi, amempa mgongo, anafunga mlango wa kuku. Neno moja tu lingetosha. Kinywa kilifunguka, shingo ikakaza, machozi yakatoka, sauti haikutoka. Nilimtupia Banza mfuniko wa sufuria. Uligonga ukuta, akageuka, lakini mtoto alikuwa amekwisha kugusa. Vidole viwili vilibabuka.

Nilikaa chini kwenye mchanga, mimi nisiyekaa. Nilijua sasa kwamba ninaweza kumpoteza mtoto mbele ya macho yangu kwa kukosa neno. Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda base na Kabange mgongoni.

Madame Bolumbu alitoka mbali, upande wa Ekwateri, na Kiswahili alikijulia hapa. Alinikaribisha katika chumba kidogo cha kituo cha afya. Nilitafuta pendulo ya kuning'inia mbele ya macho, mshumaa, macho makali. Kulikuwa na viti viwili na nzi.

"Usiogope, mama," alisema. "Sitakulalisha. Utasikia yote. Ukichoka na minyi, unasimama, unaenda kwako."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mutoto akilia, maziwa inatoka?"

Nilitikisa kichwa: ndiyo.

"Nani anaiambia itoke? Weye?"

Hapana. Mara nyingi blauzi huloa kabla sijajua kwamba nimesikia kilio.

"Voilà. Basi mu ndani yako kuko mwenye kusikia mbele yako. Minyi nazungumuza na ule."

Alinieleza jinsi watu wa kazi yake wanavyoielewa akili. Kuna akili ya juu, ile inayojijua: inahesabu, inachagua, inabisha, inasema nitafanya hivi. Ni hodari lakini inachoka haraka. Chini yake kuna akili nyingine, kubwa, isiyosema. Hiyo ndiyo inayopumua tukiwa tumelala, inayotoa maziwa, inayoweka mazoea na hofu, na inayotunza mambo tunayofikiri tumeyasahau. Haibishani. Ikiamini kwamba jambo fulani ni hatari, inafunga mlango, na ile ya juu itagonga mpaka ichoke. Ipnozi, kwa maneno yake, ni kuituliza ya juu kidogo ili ya chini isikie. Aliniambia pia, na kwa hilo nilimwamini, kwamba si madaktari wote wanaoigawa akili hivyo, na kwamba hakuna aliyepasua kichwa akakuta vyumba viwili. Ni namna ya kuelewana tu.

"Akili yako ya chini haikukufanyia mubaya," alisema. "Ile siku bantu balikuvuta huku na huku. Ukijibu hawa, unakosea bale. Na uliogopa mutoto atakufa. Yeye akafunga kinywa, ili usikosee mutu. Alikulinda. Shida ni moja: hakuna mutu alimwambia kama ile siku ilipita."

Nililia. Miezi yote hiyo niliambiwa nimelaaniwa au nimeshambuliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimelindwa.

Msidhani nilipona papo hapo. Mara ya kwanza ilishindikana kabisa. Alisema nifumbe macho, nikafumba moja. Alisema mikono inakuwa mizito, nikaanza kuipima. Miguu ilicheza, shingo iliwasha, nilitaka kujua nzi wameenda wapi.

Madame Bolumbu alicheka. "Weye uko mwalimu kweli. Unasahihisha kazi yangu."

Mara ya pili vilevile. Mara iliyofuata aliviondoa viti. Aliniambia nimfunge Kabange mgongoni, nisimame na kuyumba kama ninavyombembeleza kila siku. Hapo mwili ulikubali. Kuyumba nakujua bila kukufikiri. Alisema polepole, pamoja na mwendo wangu: pumua, yumba, pumua. Sikulala. Nilisikia pikipiki nje, nikasikia muuguzi akiosha vyombo kwenye baraza. Lakini vilikuwa mbali, na ile hamu ya kubisha ilikaa pembeni.

"Kohoa kidogo," alisema. "Vile. Sasa kikohozi, kiachie kiende murefu."

Nikakohoa, na mwisho wa kikohozi ukabaki mdomoni: mmm. Mgongo ulitetemeka, Kabange akanyamaza kusikiliza.

"Shuka na ile sauti. Angalia inakaa wapi."

Nikaona mji wa Mulongo. Uani kwa bibi yangu, mihogo imeanikwa, mimi mdogo nisiye na meno ya mbele. Mama mapasa mmoja alikuwa anacheza katikati ya wanawake, anatukana, anacheka mpaka anashika tumbo, na bibi yangu ananipiga makofi ya mgongo nami nimjibu. Na mimi najibu! Nilikuwa nayajua yote. Jambo lile lilikuwa limenitoka kabisa.

"Uliza ule wa chini," Madame Bolumbu alisema. "Ukisema, nini itafika? Usijibu weye. Acha yeye ajibu."

Kinywa kikafunguka. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mzee, yenye kutu, lakini ilikuwa yangu, na iliimba kwa Kiluba jibu zima la mama mapasa, kuanzia kichwa cha baba mapasa mpaka mahali ambapo kalamu yangu haitafika.

Nje sahani zilianguka. Muuguzi, Muluba mwenzangu, alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

"Anasema nini?" Madame Bolumbu aliuliza.

"Eh, Madame! Ile hapana kutafsiri! Baba ya mapasa akisikia, atakimbia muji!"

Nilijifunika mdomo. Nilingoja kitu kianguke juu yangu, moto, ugonjwa, uso wa Mama Pasta. Hakikuanguka kitu. Mtoto mgongoni alikuwa anapiga miguu kwa furaha. Nikasema, "Nina kiu." Nikasema tena, "Nina kiu, nina kiu, nipeni maji," na nikayanywa huku nalia na kucheka.

Sauti ilikuja na kukimbia kwa majuma mengi. Sokoni ilipotea, ikabidi nianze na kikohozi tena. Niliendelea kwenda base mpaka ikakaa. Mama Numbi aliposikia, alisema, "Si nilisema? Aliimba, mapasa bakamufungua." Mama Pasta naye alishukuru kwa maombi yaliyojibiwa, na akaninong'oneza sikioni kwamba mama yake mzazi alikuwa mama mapasa. Kila mmoja nilimwachia ushindi wake. Daktari wa kioo, Madame Bolumbu, mama mkwe, kanisa, Banza aliyesoma chaki bila kunung'unika: nawashukuru wote, na Mungu aliyenipa akili ile ninayoijua na ile nisiyoijua.

Kwako wewe unayeugua, nina maneno machache. Nenda kwanza hospitali, waangalie mwili, kwa sababu si kila koo lililofungwa limefungwa na hofu. Wakisema mwili ni mzima, usikubali uambiwe unajifanya. Mimi sikujifanya. Mtafute aliyesomea kazi hiyo, muulize alisomea wapi, na akikwambia utapona kwa siku moja mkimbie. Na nyinyi mnaompokea mama na mtoto mchanga, tafadhali, mpeni kwanza kiti na maji. Nyimbo zenu zitangoja.

Limebaki jambo moja. Jioni ile sauti ilipotoka, niliporudi kutoka base, nilimshusha Kabange kwenye mkeka karibu na Kyungu na baba yao. Nikarudi mlangoni nikaita, "Kyungu! Kabange!" Hawakugeuka. Walimwangalia Banza. Maisha yao yote niliwaita kwa makofi, na sauti hiyo hawakujua ni ya nani. Iliniuma kuliko kushonwa. Sikupiga makofi. Niliwaita asubuhi nikiwaogesha, nikawaita nikifua, nikawaita nikiwa nao mapajani, mpaka majirani wakaniuliza kama watoto wamepotea. Halafu siku moja, akiwa na uji mdomoni, Kyungu alisikia jina lake akanigeukia. Nikamwita tena. Akageuka tena, akacheka. Nikamwita tena na tena.

"Basi, mama," Banza alisema, "mutoto atachoka."

Sikuacha.