Mkono wa Kulia Chakula

Majivu yaliyolowa umande yana harufu yake, kali na ya baridi, na kila ninapoinusa hunirudisha katika uwanja wa shule yetu mtelemkoni mwa kilima cha Nyanchwa, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Kila asubuhi Mwalimu Esta aliyamwaga kwa kopo akituchorea maduara ardhini, kila mtoto na lake. Tulisimama humo miguu mitupu tukikitazama kilima, kanisa likiwa upande mmoja na soko upande wa pili. Alikuwa mgeni asiyejua Ekegusii, lugha yetu, hivyo alitufundisha kwa Kiswahili: robo ya mzunguko, nusu, robo tatu, kisha mzunguko mzima unaokurudisha ulikoanzia. Ijumaa mwalimu mkuu angekuja kututazama, na asiyeweza kugeuka angebaki nasari wenzake wakiingia darasa la kwanza.

Ili tusichanganye pande, Mwalimu Esta alitupa kanuni moja. “Kulia ni upande wa mkono wa kulia chakula.” Niliipenda kanuni hiyo, kwa kuwa ilikuwa tayari mwilini mwangu na haikuhitaji kukaririwa. Alipotamka, “Robo, kulia,” niligeuka kwa uhakika wote wa umri wangu, nikajikuta pua kwa pua na jirani yangu Ombati. Darasa zima lilielekea kanisani. Mimi peke yangu nilielekea sokoni.

“Kemunto anaenda sokoni,” Ombati akasema. “Utuletee ndizi.”

Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka. “Mkono wa kulia chakula ni upi?”

“Ni huu, mwalimu,” nikajibu, nikiinua wa kushoto.

Alidhani ninamfanyia mzaha. Aliuchapa kwa rula, akasema kwamba huo ni mkono mchafu. Kilichonishtua hakikuwa maumivu. Nilikuwa nimeifuata kanuni yake neno kwa neno, na kumbe kosa lilikuwa mwili wangu.

Jioni sikugusa ugali. Mama aliniuliza sababu, nikamweleza. Aliinuka, akaufunga mlango. Kisha akalihamisha tonge kutoka mkono wake wa kulia hadi wa kushoto, akalifinyanga na kulichovya kwenye mboga kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona kwake. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na rula. Shangazi zangu walizoea kumtania kwamba anausalimia ugali kabla ya kuula, kwa jinsi alivyokula polepole. Hakuwa mpole wa kula. Maisha yake yote alikuwa akila kwa mkono wa ugenini.

“Nyanya yako aliufunga huu hadi nikajifunza mwingine,” alisema kwa lugha yetu. “Wako sitaufunga. Lakini mwalimu akisema kulia, usifikirie ugali. Fikiria kamba.” Akasokota uzi wa mgomba, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Ijumaa niligeuka robo, nusu na robo tatu, na kila mara niliona mbele yangu kisogo cha mwenzangu badala ya pua yake. Nikaingia darasa la kwanza.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na bado siwezi kumwelekeza mtu njia bila kukigusa kifundo hicho kwanza. Watoto wa Kisii na Nyamira siku hizi huandika kwa mkono wowote ule, walimu wao huwachorea mishale ubaoni, nami nilidhani jambo lile limekwisha kabisa. Sabato iliyopita mchungaji alikuwa mgeni wetu wa chakula cha mchana huko Ekerenyo, walikohamia wazazi wangu. Mama, ambaye tangu jioni ile sikumwona tena akila kwa mkono wake wa kushoto, aliumega ugali kwa mkono huo, mlango ukiwa wazi. Nilishtuka kama mtoto, nikaanza kuinuka ili niufunge mlango.

“Keti, Kemunto,” akasema. “Nina njaa.”