Ngoma ya Kuziba Mifereji

Babu yangu alitembea na msafara hadi pwani, akarudi Unyamwezi na nguo. Mimi nilirudi kutoka pwani kwa treni, nikashuka Bukene nikiwa na diploma ya kilimo, niliyoilipia mwenyewe kwa kukata mkonge. Nyumbani walidhani pwani yote ni minazi na maji. Nilikosoma mimi ni ukanda mkavu, mvua bahili, na mkulima hukimbizana na kila tone kabla halijapotea.

Nilimkuta mama amehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yake ilikuwa na kuta, lakini juu ameegesha mabua tu.

"Siezeki," aliniambia. "Shamba la kijiji likikauka tena, narudi kwetu kwa zamani. Waje wanikamate."

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikula nimesimama, macho mawinguni.

Kamati ya kijiji ilinikabidhi shamba hilo. Nani mwingine alikuwa amesoma? Niliwaonyesha: kila baada ya hatua chache, ziba kwa udongo mfereji ulio kati ya matuta, maji ya mvua yasipate njia ya kukimbia. Walielewa upesi. Lakini kwetu tunalima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na anayebaki nyuma anazomewa. Nani angesimama kuziba? Jioni nilikuta mifereji yote wazi.

Nikamfuata mpiga ngoma, mume wa dada yangu.

"Shemeji, weka mahali pa kunyamaza katika ngoma yako."

"Bwana Diploma! Pwani wamekufundisha na ngoma?"

"Wamenifundisha mvua. Ngoma nimezaliwa nayo."

"Haya, lima tukuone. Usichafue suruali."

Nikavua viatu, nikashika jembe mbele ya kijiji kizima. Akapiga, akanyamaza; katika ukimya ule nikaziba. Akapiga tena. Akina mama wakaujaza ukimya kwa vigelegele, na safu nzima ikaanza kuziba. Tulilirudia shamba lote.

Mvua ilikuja mara moja, kwa ghadhabu, kisha ikatukimbia. Alfajiri na jioni nilizunguka shambani, nikichimba kwa kidole kutafuta unyevu. Mtama wa vijiji jirani ulijikunja. Wetu ulisimama, nami nikautangaza hadi stesheni, hata kwa wasioniuliza.

Siku moja mama alikuja shambani peke yake. Akavunja suke, akatafuna punje changa taratibu. Nilingoja anisifu.

"Mbona umesimama?" akasema. "Tafuta mundu. Nyasi za kuezekea zitakuja zenyewe?"