Magwanda Mawili ya Sajini

Miaka tisa Mama Vifungo aliishonea nguo tamthilia ambayo yeye mwenyewe aliiona upuuzi mtupu. Majeshi mawili, la kijani na la zambarau, yanapigania kijisayari kisicho na kitu ila bomba moja la maji, na katikati yao kuna majasusi waliojigeuza mara nyingi mno hata wamesahau wanampeleleza nani. Watu wazima na akili zao wanakimbizana na bunduki za plastiki, na huko majumbani watazamaji wanajishika mbavu! Lakini kwake gwanda lilikuwa gwanda. Kifungo alichokishona hakikung'oka, na ole wake mwigizaji aliyemrudishia shati lenye wino.

Chumba chake cha mavazi kilikuwa nyuma ya jukwaa, na ndani mlikuwa na pasi nzito na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kugombana nayo. Mumewe alikuwa upande wa pili wa ukuta, mbele ya kamera. Yeye ndiye Sajini wa jeshi la kijani, askari mwoga kupita wote, anayempigia adui saluti kwa mkono wa kushoto. Hata mama mkwe alikuwa akimwita Sajini. Kabla ya hapo aliwahi kuigiza maiti, bawabu, na maiti tena, na kazi nyingine hakuijua.

Katika tamthilia ile waigizaji walipewa kurasa zao asubuhi ya kurekodi, basi hakuna aliyejua atauawa lini. Mama Vifungo alijua. Mtu akikaribia kufa, karatasi ya oda ililetwa ikitaka magwanda mawili: moja la kuvaa, na moja la kutobolewa na kuunguzwa, lenye kifua kilichoongezwa inchi mbili ili kifuko cha rangi nyekundu kipate pa kukaa. Aliwashonea hivyo watu kumi na mmoja, akiwemo Kanali aliyekula naye kila mchana, na hakufungua mdomo. Mwiko wa kazi ulikuwa huo.

Jumanne moja asubuhi karatasi ikaja: Sajini, magwanda mawili.

Chaki ilimponyoka. Aliisoma mara tatu, akaigeuza nyuma kana kwamba huko wameandika utani, akakaa juu ya lundo la suruali za zambarau. Sajini wake! Bila hata kumwita wakamwambia!

Jioni alimkuta mumewe amelala chini ya sinki, spana mkononi.

"Mama Watoto, mbona umenuna?"

"Imekuja oda yako. Magwanda mawili."

"Si vizuri? Moja likiwa kwenye ndoo, navaa jingine."

"Baba Watoto, Kanali nilimshonea mawili. Daktari wa chombo cha angani nilimshonea mawili. Wako wapi leo?"

Sajini akajivuta polepole kutoka chini ya sinki, akakaa sakafuni. Maji yalimdondokea begani na hakusogea.

"Usiseme kitu, nakuomba," mkewe akamsihi. "Nimekwambia ujiandae tu."

Akaitikia sawa. Kumbe moyoni yanachemka. Asubuhi, majeshi yote mawili yakiwa yamepangwa na majasusi wamevaa masharubu yao ya bandia, Sajini alivua kofia akaitupa miguuni pa mwongozaji.

"Hamnifukuzi, najiondoa! Miaka tisa nimewachekesha watu kwa vichekesho vyangu, nyinyi mnaviandika kwa majina yenu!"

Mwongozaji, mwanamke asiyepandisha sauti hata siku moja, alifungua mkoba akatoa kurasa.

"Nani kakwambia unafukuzwa? Sajini anaingia kwenye mashine ya adui, wanatoka Sajini wawili. Mmoja mwoga kama kawaida, mwingine jasusi hatari. Wote ni wewe. Msimu mzima ni wako."

Mama Vifungo alikuwa mlangoni na pini sita mdomoni. Kifua! Karatasi haikusema kifua kiongezwe. Yeye, anayejua kiuno cha kila askari bila kukipima, aliona neno mawili tu, macho yakapofuka.

"Uliambiwa na nani?" mwongozaji akauliza.

Sajini hakugeuka kuutazama mlango. "Nimeota," akasema.

Askari mmoja wa zambarau akacheka, akajuta. Mwongozaji akakunja kurasa zake. "Basi aliyekuita mwizi mbele ya watu humpi msimu mzima. Ulitaka kuondoka, utaondoka, ila mbele ya kamera."

Mchana karatasi ilirudi. Chini ya oda ileile palikuwa na mstari mmoja mpya: gwanda la pili, ongeza kifua inchi mbili.

Alilishona yeye, nani mwingine? Cherehani ya ugomvi siku hiyo ilienda bila kukata uzi hata mara moja, na hilo nalo lilimuuma. Kisha akamwita mumewe kupima.

"Nikamwambie mwongozaji kwamba ni mimi niliyetoa siri?" akanong'ona, amepiga magoti na pini zake.

"Tukose kazi wote wawili? Shona."

"Nimekuua, mume wangu. Nimekuua kwa mkono wangu."

Sajini alijitazama kwenye kioo, akalivuta gwanda lililopwaya kifuani, akashusha pumzi.

"Hapa ubavuni punguza kidogo," akasema. "Watu wasije wakasema nimekufa nimenenepa."

Mama Vifungo akachukua chaki, akaweka alama pale alipoonyeshwa.