Maji ya Kunawa

Miaka ya hamsini, shuleni, tuliigiza tamthilia ya Kiingereza ya mume na mke waliomuua mfalme aliyelala kwao kama mgeni. Wasichana hawakuwamo, basi rafiki yangu akawa mke. Dhamiri inamsuta mke huyo mpaka anaosha mikono mitupu, akidhani ina damu. Rafiki yangu, kwa mazoea, akaiosha kama anayetawadha: mara tatu tatu, wa kulia kwanza, mpaka kwenye viwiko. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nililia, nilimwamini.

Ndiye pekee niliyemwambia habari za binti wa mtaa wa Malindi. Nilikuwa nnamsubiri baba arudi kutoka Pemba kwenye karafuu, apeleke posa. Baba aliporudi, binti alikwishaposwa, na mposaji ni huyo huyo rafiki yangu.

Harusini nilikwenda, mjinga mimi, nikashika birika kuwanawisha watu kabla ya kula. Nikafika kwa bwana harusi. Nikamimina maji polepole, makusudi, nikimkodolea macho. Alilowesha ncha za vidole, mara moja tu.

"Basi, yatosha," akasema. "Pilau inapoa."