Mama Amerudi Kuimba

Baba alipofariki, mama aliacha kula. Alisema tumbo limejifunga. Majirani zetu wa Itetemia wakaleta asali, kila mmoja na chupa yake, maana kwetu Tabora asali ndiyo dawa ya tumbo. Uvumilivu ukanishinda, nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni sonona, na kwamba kuna mshipa wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Akampa vidonge, akamwagiza pia aimbe kila siku, maana kuimba husaidia kuuamsha mshipa huo.

Kuimba! Mama yangu, sauti ya kwanza ya kwaya! Alianza kwa kunong'ona. Siku hizi majirani wanamwitikia, nami napita mtaani kifua mbele. Jana alionja mboga niliyopika, akanuna.

"Haina chumvi. Nani alikufundisha kupika?"

Akamaliza sahani nzima.