Kinga Inayolingana na Miguu Yako

Nakumbuka asubuhi moja hapa mtaani kwetu Kasungami, mwanangu, papa, babu yako, alipoingia uwanjani akisukuma kinga, baiskeli nyekundu ya milimani, ya magurudumu ya vingt-neuf, inchi ishirini na tisa, yale makubwa kabisa. Najua unacheka: mama mudogo wako hata mvi hajaota, tayari anatoa nasaha. Cheka tu. Aliyetangulia njiani ndiye anayejua mashimo, na nimesikia wewe pia unataka vingt-neuf.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi. Sekondari ilikuwa Katuba, mbali sana kwa miguu, na nauli ya kila siku tungeitoa wapi? Bila kinga masomo yangu yangeishia pale, nami niliota kuwa muuguzi.

Sasa, desturi yetu unaijua. Mutoto ananunuliwa viatu vikubwa, pamba inatiwa mbele. Sketi ya shule inafika kwenye vifundo, eti atakua. Papa alinunua kinga vilevile.

"Miguu itaifikia," alisema.

Nami nilifurahi, jamani. Gurudumu kubwa linapita juu ya mawe kama haliyaoni, na likishashika mwendo halichoki. Hilo ni kweli, sikudanganyi. Lakini hata kiti kiliposhushwa mpaka mwisho, niligusa udongo kwa ncha za vidole, tena upande mmoja. Kwenye vijia vya katikati ya mashamba ya mboga kuna kona nyingi. Mimi nilikata kona, kinga ikaenda mbele, tukatua pamoja kwenye lengalenga, mchicha wa mama jirani. Mama yule alicheka kwanza, ndipo akaniosha goti.

Nilianguka tena na tena. Mwishowe nikaiegemeza ukutani, nikasema siitaki, nitangoja mwaka mmoja nikue. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Papa alikuwa na hasira, ile hasira ya mtu mwenye hofu.

"Utaenda na nini? Na mabawa?"

Nilianza kujining'iniza kwenye tawi la mpera kila jioni ili mifupa ivutike. Kambo, baba yake papa, aliyezeekea kazi ya reli, alikuwa akimenya karanga kwenye kibaraza. Akaniita.

"Mado, weye uko popo?"

Hata papa alicheka. Kisha Kambo akasema polepole, "Shuka, mama. Masomo haingoje miguu." Akamgeukia papa. "Na weye, mwanangu, kinga iko ya kumubeba mutoto wa leo. Ule wa kesho hatuyamuona bado."

Papa alikubali. Si rahisi, kwa sababu kosa lake lilitoka kwenye upendo. Kesho yake aliisukuma ile nyekundu hadi sokoni, akaibadilisha, akarudi na vingt-six, ya inchi ishirini na sita, iliyobanduka rangi. Nikasimama nayo katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikalala chini, na hofu ikanitoka hapohapo. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Siku ya kwanza ya shule papa alikimbia nyuma yangu mpaka barabara kubwa, mikono mbele, bila kushika kitu. Pale alisimama, mimi nikaendelea. Leo nasomea uuguzi, na bado naota kituo cha afya hapahapa kwetu.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla ya kupenda rangi, simama na bomba la kati, lile linalotoka kwenye kiti hadi usukani, katikati ya miguu yako. Nyayo zisipolala chini, iache, hata iwe nzuri namna gani. Kisha ifikirie njia yako. Ikiwa ndefu, ya mawe na mashimo, na umerefuka kama baba yako, chukua vingt-neuf kwa moyo mweupe. Ikiwa ni vijia vya kona, au ungali mfupi, vingt-six itakutii. Ile ya katikati, vingt-sept na nusu, usiidharau, wengi inawafaa. Na umuulize fundi wa mtaani kama mipira yake inapatikana, maana kinga bila mpira ni chuma tu. Za wenzako zisikutie haraka. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mungu akulinde na malori, breki zako zishike, mvua ikungoje ufike kwanza, na kila unakokwenda wakupokee kwa furaha.