Sahani Zisizo na Alama

Mtaani kwetu Nangara, kukitokea msiba kila nyumba hupeleka vyombo. Kabla ya kuvitoa, kina mama huvipindua na kuvitia alama kwa rangi ya kucha: nukta, msalaba, herufi, ua lililochorwa kwa haraka. Kisha vyombo huoshwa siku kadhaa na watu wasio wenyewe, kwa majivu na mchanga, kwa nguvu za watu wanaotafuta kitu cha kufanyia mikono yao, na alama zinatoka. Siku ya kuanua tanga vyombo hupangwa juu ya turubai ili kila mmoja achukue chake. Visivyo na alama hubaki. Hakuna anayevigusa. Kuondoka msibani na chombo cha mwenzako ni kama kuubeba msiba wenyewe hadi kwako.

Mama yangu alikuwa akivibeba.

"Nawatunzia wenyewe," alisema. "Watakuja."

Wachache walikuja. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani, nilikuta chumba cha kaka yangu kimejaa sahani za bati, vikombe, masufuria bila mifuniko na mifuniko bila masufuria, vimepandana mpaka vimeziba nusu ya dirisha. Katikati ya vyote hivyo kitanda chake kilikuwa bado kimetandikwa. Nikaambiwa nilale humo.

Kaka alikwenda machimboni Simanjiro nikiwa sekondari. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa, kisha namba ikawa haipatikani. Mama na baba mkubwa walikwenda kumtafuta. Mchimbaji mmoja aliwaambia shimo liliporomoka naye akiwamo. Mwingine aliapa kwamba kesho yake alimwona akipanda lori. Wakarudi na habari hizo mbili, na mpaka leo hakuna iliyoishinda nyingine. Mama alianza kukusanya vyombo mwaka huohuo.

Mimi ni mtu wa kuuliza, na nilimuuliza mpaka akachoka. Kama wenyewe wanavitaka, mbona hawaji? Kama hawavitaki, unamtunzia nani? Alinijibu kwa kuvifuta vumbi. Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu ya Dodoma, na lori zito likipita, chumba kizima hulia, sahani juu ya sahani, kama mtu aliyefika na njaa anapekua kabati. Mama, popote alipo, husema, "Karibu, pita."

"Mama, ni lori."

"Najua ni lori. Kumkaribisha mtu kuna hasara gani?"

Nililala humo na, nakiri, nilijifunza kulala nikiwa nimeupa mlango uso.

Jirani yetu, mjane mwenye mdomo, ndiye pekee aliyethubutu kutania. "Mama Msomi, hili duka unafungua lini? Nikifa, wanangu wasihangaike kukodi. Waje hapa tu."

"Wewe hutakufa leo wala kesho," mama alimjibu. "Kuzimu hawapendi kelele."

Kila mwaka, baada ya mavuno, baba mkubwa alishuka kutoka Mbulu na ombi lilelile: ifanyike ibada, watu wapewe chakula, tanga lianuliwe, hata bila mwili. Kila mwaka mama alikataa. Mara ya mwisho tuliketi sebuleni mchana, chai mezani.

"Shemeji," baba mkubwa alisema, "ukoo unakaa, majina yanatajwa, tukifika kwake tunanyamaza. Tuseme yupo, au tuseme alikuwepo?"

"Semeni yuko safarini."

"Safari gani isiyo na kurudi?"

"Hata yako sioni maana yake. Kila mwaka unapanda basi kuja kunizikia mwanangu."

Mzee akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Kisha akanigeukia.

"Haya, msomi. Si wewe unayetuambia tukubali ukweli? Useme basi. Ndugu yako amekufa?"

Neno hilo nilikuwa nalo tayari kwa miaka. Nilikwisha kumtupia mama nikiwa na hasira. Nilikwisha kulisema chuoni mbele ya marafiki, kwa sauti ya mtu asiyedanganyika. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama shahidi. Nikatafuta ninachokijua, si ninachokidhani, nikawakuta wachimbaji wawili, kila mmoja na habari yake.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Hakuna aliyeuona mwili. Hatuna nguo, hatuna kiatu. Labda..."

Nilitegemea mama afurahi kwamba hatimaye amepata wa upande wake. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeokota wembe.

"Hapana," alisema. "Wewe usianze. Wa kungoja katika nyumba hii nilitosha mimi."

Akainuka, akaenda akaufungua mlango wa chumba mpaka ukagonga ukuta. "Shemeji, kamwone padri. Vyombo vipo."

Ibada ilifanyika Alhamisi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na sahani zilitosha. Siku ya tanga, mama alisimama mbele ya turubai akawaambia kila mtu achukue anachopenda, akae nacho. Hakuna aliyesogea. Ndipo yule mjane akavuta sufuria kubwa kuliko yote.

"Nikiota ndoto mbaya nalirudisha kabla hujanywa chai," alisema.

Watu wakacheka, mama naye akacheka, na mikono ikaanza kunyooshwa. Kufikia alasiri turubai lilikuwa tupu na mama amelala usingizi mzito, viatu bado miguuni.

Mimi nilibaki barazani. Mwanamume mmoja alipita njiani, bega moja limeshuka kama la kaka, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeinuka. Nilimfuata hadi kona, kisha hadi barabarani, nikaongeza mwendo mpaka nikampita, nikageuka.

"Mambo," alisema, akishangaa.

"Poa."

Hakuwa yeye. Lakini hilo nalo, nilijiambia nikirudi, halithibitishi chochote.